Pilau ya Wageni wa Mabema

Swali la tano la chemsha bongo ndilo lililonichokoza. Kaltuma, ambaye siku hizi anafundisha Eldas na hushika kipaza sauti kama mtu aliyeshika fimbo, alisimama mbele ya ukumbi tuliokodi hapa Iftin, mjini Garissa, akauliza: "Shule ya Wasichana ya Mabema ilikuwa na wanafunzi wangapi?" Meza ya pili wakagonga sahani kwa kijiko, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kengele yetu, wakajibu arobaini. "Sahihi," akasema Kaltuma. Mimi nilikuwa na sambusa mdomoni. Niliimeza nzima nikasema si sahihi. Arobaini ni vitanda. Wasichana walikuwa arobaini na mmoja, na huyo wa arobaini na mmoja ndiye aliyetangazwa kila muhula kuwa hayupo, hata akiwa amekaa mstari wa mbele anajibu maswali. Kaltuma akaitazama kadi yake mbele, akaigeuza akaitazama nyuma. "Amran, kadi inasema arobaini." "Kadi umeiandika wewe," nikamwambia. "Vile vitanda nilivihesabu mimi, mara mbili." Kicheko kikazunguka ukumbi. Kisha kutoka meza ya pili sauti ambayo kaunti nzima inaijua ikasema kwa upole, "Amran yuko sawa. Ni arobaini na mmoja." Na kwa kuwa Hodan amesema, kadi ikabadilika papo hapo. Nilipewa pointi yangu kwa mkono wa mtu mwingine. Sijui kama kuna kitu kinachouma kuliko kupewa haki yako na yule yule unayemdai.

Tulikuwa tumekutana, sisi tuliosoma pamoja, baada ya miaka thelathini na moja. Mlangoni nilihesabu wanawake thelathini na wawili, na tulipoketi nikahesabu tena nikapata thelathini na watatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimejisahau. Nilikotoka na nani alinizaa tuyaache, mwaka ninaotaka kuusimulia haukuwahusu. Ulikuwa mwaka wangu wa kidato cha tatu, katika shule ya bweni ambayo sitaitaja kwa sababu bado ipo na ina mwalimu mkuu mwingine asiye na kosa. Lakini chemsha bongo ya Kaltuma haikuwa juu ya shule hiyo. Maswali yake yote ishirini yalihusu shule nyingine, Mabema, ambayo haijawahi kuwa na hata tofali moja. Tuliitunga sisi. Na neno hili "sisi" ndilo nililobeba kifuani kama jiwe la figo kwa miaka thelathini na moja, kwa sababu kila mtu aliyekuwa ukumbini angekuambia kwamba Mabema ilitungwa na Hodan.

Jina lenyewe lilitoka mdomoni mwa Eedo Shukri, mama wa bweni. Eedo ni shangazi, na sote tulimwita hivyo, hata wasichana wa Kikamba na wa Kipokomo. Sisi tuliokua kwa Kisomali hatuna p midomoni. Kiswahili kilipotufikia tulikipokea bila hiyo herufi, tukaweka b mahali pake, na v tukaifanya f, tukaendelea na maisha. Basi kila alfajiri Eedo Shukri alipita katikati ya vitanda akigonga bati la sanduku moja baada ya jingine: "Mabema! Amkeni mabema! Msichana asiyefaa sare hafai!" Asubuhi moja Hodan, aliyelala kitanda cha juu yangu, akashusha kichwa akaninong'oneza, "Mabema ni wapi huko, naa wewe, kila siku tunaitwa na hatufiki?" Nikamjibu, "Ni shule. Ina wasichana arobaini na mmoja na vitanda arobaini." Nakumbuka vizuri sana nani alisema nini. Yeye aliuliza. Mimi nilijibu.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka mzima. Hodan alisimulia, mimi nikatoa vitu. Kengele ya Mabema ilifungwa shingoni mwa ngamia jike aitwaye Naibu; siku Naibu alipofuata mvua upande wa Eldas hakukuwa na wa kumaliza kipindi, na somo la hesabu likaendelea siku tisa. Huyo Naibu ni wangu. Mkaguzi wa shule alikuwa mamba wa mto Tana, aliyefika mara moja tu, akameza rejista, na tangu hapo hakuna msichana aliyeandikwa kuwa amekosa darasani. Mamba ni wangu. Kanuni ya saba haikuwepo, lakini aliyeivunja aliadhibiwa. Wangu pia. Mpishi wetu wa kweli, Mzee Bonaya, tulikuwa tukimwita "mbishi" bila nia mbaya, midomo yetu tu. Mabema tukampa cheo cha Mbishi Mkuu, na ili upate chakula ilikubidi kwanza ubishane naye. Ukishinda unapewa nyama, ukishindwa unapewa mchuzi na nasaha. Hilo nakubali lilikuwa la Hodan. Nimelipima mara mbili na ni lake. Mengine tuliyaandika kwenye daftari moja la kurasa tisini na sita, lenye jalada la kijani, lililolala chini ya godoro langu kwa sababu la kwake lilikuwa na kunguni.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya Mabema. Baada ya chai ya rangi na mkate tulipanga foleni ya kufulia kwenye tangi la maji, mabeseni yamekaa vumbini kwa mstari, jua tayari limekwisha kuamua. Hodan aligeuza ndoo akakaa juu yake na kufungua daftari. Alikulia Masalani, akicheza na watoto wa Kipokomo kando ya mto, na p zake zilipasuka kama bisi kwenye sufuria. P zake, v zake, pumzi zake. Alijua mahali pa kunyamaza. Alipofika kwa mamba na rejista alinyamaza mpaka maji ya mfereji yakasikika, kisha akasema, "Akacheua," na wasichana waliokuwa wakisuuza shuka wakaziacha zikaanguka. Mimi nilikaa nyuma nikisugua kola, nikiusikia mzaha wangu ukichekewa mdomoni mwa mtu mwingine. Mwanzoni nilifurahi, wallahi. Halafu nikaanza kuhesabu. Kwenye foleni ya tangi walimwachia nafasi ya tatu, mimi ya kumi na tisa. Jumatano, siku ya nyama, sahani yake ilikuwa na vipande vinne na yangu viwili, na bwaloni nilisikia msichana akimwambia Mzee Bonaya, "Ongeza huyu, ndiye mwenye Mabema." Mwenye Mabema! Kama mtu anavyosema mwenye duka. Na Hodan hakumsahihisha. Alikuwa anatafuna.

Nilijaribu mara moja. Hodan aliugua homa, Jumamosi ikafika, wasichana wakasema, "Amran, soma wewe, si daftari liko kwako?" Nikageuza ndoo, nikakaa, nikafungua daftari. Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: Mamba alipopita pale, pakawa patupu. Nikaisoma. "Mamba alibobita bale, bakawa batubu." Wakacheka. Walicheka kweli, mmoja akaegemea tangi, na kwa nusu dakika nilidhani nimeshinda. Kisha Kaltuma, ndiye huyu huyu wa kadi, akafuta macho akasema, "Abaayo, dada yangu, rudia hiyo batubu." Hawakuwa wanamcheka mamba. Na waliokuwa wakicheka nusu yao walikuwa na mdomo kama wangu, lakini ukimsikiliza mwenzako, mdomo wako huusikii. Nilifunga daftari nikasema mvua inakuja. Garissa, mwezi wa pili, katikati ya kiangazi. Tangu siku hiyo nilijua ninachomwonea Hodan wivu. Nyama ningeweza kuisamehe, na ile nafasi ya tatu pia. Kilichonila ni herufi. Nimewahi kusikia wanawake wakionea wivu macho, nywele, mume, ng'ombe. Mimi nilimwonea mwenzangu wivu wa herufi moja, nikalala chini ya kitanda chake nikiijaribu kwa midomo hadi ikakauka.

Nikaamua nitafanya kitu cha Mabema kisichohitaji mdomo. Kuandika nilijua. Nilikata kisigino cha ndara yangu ya zamani, nikachonga kwa wembe herufi zilizogeuka kinyumenyume, nikaupaka mpira ule wino, na hapo nikapata mhuri: SHULE YA WASICHANA YA MABEMA. Kisha nikaandika barua kwa mwalimu mkuu, kwa mwandiko wa kusimama kama wa karani. Kwamba sisi wa Mabema tumesikia sifa za shule yako. Kwamba tunaomba kuja kushindana nanyi katika mdahalo, hoja ikiwa "Kuwahi ni bora kuliko kuchelewa". Kwamba tutakuwa wasichana arobaini, kwa kuwa mmoja wetu hayupo. Na kwamba tutapanda basi alfajiri, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, tufike tukiwa na njaa ya elimu. Tarishi wa shule alikuwa akiacha mfuko wa barua kwenye baiskeli yake wakati akinywa chai jikoni. Chai yake ilichukua dakika sita. Nilihitaji moja. Sikumwambia Hodan. Hilo ndilo lililokuwa tamu.

Mwalimu mkuu wetu, Madam Muthoki, alikuwa mgeni. Alihamishiwa kwetu kutoka Kitui muhula huo, na bado alikuwa katika zile wiki ambazo mtu huona haya kuuliza mahali fulani ni wapi. Nilikuwa nafagia varanda ya ofisi, zamu yangu, nikamsikia akimwita Eedo Shukri.

"Mama Matron, unaijua Mabema?"

"Mabema?" Eedo Shukri alishangaa kuulizwa. "Mabema naijua sana, Madam! Mimi kila siku niko mabema."

"Ah. Basi si mbali."

"Si mbali. Ni hawa wasichana tu hawaibendi."

"Hawaipendi? Kwa nini?"

"Usingizi, Madam. Wanabenda kulala. Lakini wewe walete kwa mabema, mimi nitakusaidia."

"Nao ni watu wazuri?"

Eedo Shukri akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Mtu wa mabema," akasema, "ni mtu mzuri siku zote. Mtume amesema kuna baraka."

Nilikaa chini juu ya ufagio. Madam akatoka, akanikuta machozi yananitiririka, akaniuliza kama ni vumbi. Nikasema ni vumbi.

Jumamosi hiyo sitaisahau hadi nife. Mbuzi watatu walichinjwa. Mzee Bonaya alianza pilau tangu alfajiri, na harufu ya bizari na hiliki ilipita bwenini, ikapita madarasani, ikafika msikitini tukashindwa kuswali vizuri. Ukumbi ulioshwa. Viti arobaini viliwekwa upande wa kulia kwa ajili ya wageni. Nilivihesabu, nikavihesabu tena, na nilipopata arobaini mara zote mbili nilihisi kitu ambacho sijawahi kukihisi tena, hata nilipozaa. Shule nzima ilikuwa imevaa sare safi ikiwangoja watu niliowazaa mimi. Saa nne. Saa sita. Baada ya adhuhuri bado tulikuwa tumekaa, tukitazama viti vitupu, na wasichana walikuwa wamejua zamani. Shule nzima ilijua isipokuwa walimu. Mabega yalitetemeka mstari hadi mstari. Hodan alikuwa amekaa mbele yangu, mgongo umenyooka, hacheki. Nilidhani anaogopa. Hatimaye Madam akasema chakula kisiharibike, tule. Tulikula pilau ya wageni wa Mabema kwa mikono miwili. Sahani yangu siku hiyo ilikuwa na vipande vitano, kwa sababu wageni walikuwa na haki ya nyama na hawakuwepo kuidai.

Tulipokuwa tunamalizia kula Madam alisimama mbele, barua mkononi, ili atusomee na kutueleza kwamba basi la watu hawa huenda limeharibika njiani. Akafika mahali pa basi. Akasoma kama ilivyoandikwa, maana alikuwa mtu wa kufuata maandishi. "Tutabanda... tutabanda basi alfajiri." Akaiweka barua karibu na macho. Midomo yake ikawa inabadilisha herufi kimyakimya, banda, panda; kisha macho yake yakapanda juu kwenye mhuri, midomo ikabadilisha tena. Mabema. "Mapema," akasema, si kwa sauti kubwa. Mtu mmoja nyuma akapiga chafya ya kicheko, na ukumbi mzima ukapasuka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeganda na tonge mkononi. Nilikuwa nimeisoma barua ile mara mbili kabla ya kuifunga, na mara zote mbili jicho langu lilipita juu ya "tutabanda" kama mtu anayepita mbele ya nyumba yao. Nilikosea bila kujua katikati ya mzaha juu ya kosa hilo hilo.

Jumatatu Madam aliingia darasani kwetu na karatasi tupu. Imla. Sentensi kumi, zote zimejaa p kama samaki wa mto alivyojaa miiba, na ya nane ilikuwa: Tutapanda basi alfajiri. Sasa niseme jambo ambalo sikulisema hata kwenye chemsha bongo ya Kaltuma. Miaka ile, kwa watu wengi wa kwetu, msichana aliyerudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu hakuwa na hakika ya kurudi. Mimi nilikuwa na hakika kwamba nisingerudi. Basi nilikunja mgongo juu ya karatasi, nikazipitia p zangu moja moja, nikarudia, nikazihesabu: ishirini na saba. Zote safi. Wengine hawakujua wanatafutwa nini, wakaandika kama wanavyosema, na Madam akabaki na wasichana kumi na tisa wenye b. Kumi na tisa huwezi kuwafukuza. Angeliacha jambo hilo, naamini hivyo hadi leo. Lakini miongoni mwa karatasi kulikuwa na moja iliyokuwa safi kuliko zote, ya msichana aliyesoma habari kila paredi, ambaye hajawahi kukosea p tangu azaliwe, na katika sentensi ya nane, kosa moja tu, limeandikwa kubwa na wazi: Tutabanda basi alfajiri. Ilikuwa sawa na kutia sahihi. "Hodan?" akasema Madam. Hodan akasimama. "Ndiyo, Madam."

Wiki mbili nyumbani. Alitoka getini na sanduku lake kichwani, na bweni zima likasimama dirishani kama linamsindikiza mbunge. Mara tatu nilikwenda hadi mlango wa ofisi. Mara tatu nikasoma kibao cha mlangoni na kurudi. Ningependa kusema nililia kwa huruma, lakini mimi si mtu wa kuuza kitu chenye ufa bila kukuonyesha ufa. Nililia kwa wivu. Alikuwa ameniibia kosa langu! Kitu pekee cha Mabema nilichokifanya bila mdomo wake, kitu kilichokalisha shule nzima vitini, ameinuka amekichukua kwa neno moja, "Ndiyo." Aliporudi walimbeba. Hata Madam, ambaye alikuwa na moyo wa kucheka ingawa alichelewa kuupata, akamfanya nahodha wa mdahalo. Na mimi sikuweza kufungua kinywa, maana kudai barua ni kudai pia zile wiki mbili. Nilitaka sifa bila adhabu. Nimefanya biashara maisha yangu yote na bado sijapata muuzaji anayekupa mali ya namna hiyo. Tuliongea tena, ndiyo, tulikula pamoja, tukamaliza shule. Daftari nilimpa yeye. Hatukuandika tena hata mstari mmoja.

Siku hizi Hodan anatangaza redioni. Ninauza vyombo hapa Iftin, sufuria, mabirika, themosi, na kila adhuhuri sauti yake hupita dukani kwangu ikitangaza mifugo iliyopotea na mikutano ya wazazi, kila p mahali pake. Sizimi redio. Ninaipunguza tu, mpaka pale ambapo wateja hawasikii na mimi nasikia. Kaltuma alipokuja kununua zawadi ya chemsha bongo, themosi mbili nyekundu, tulivutana bei kutwa, na mwisho nikamwachia kwa sharti kwamba nisikalishwe meza moja na Hodan. Akaniuliza kwa nini. Nikasema ili kuwe na ushindani.

Basi ndivyo tulivyofika swali la ishirini. Meza yetu ilikuwa na pointi saba, meza ya pili saba. Kaltuma akavuta pumzi. "La mwisho. Nani aliandika barua ya Mabema?" Kabla hajamaliza, meza ya pili nzima wakagonga sahani: "Hodan!" Makofi, vigelegele. Hodan aliinamisha kichwa kama anavyofanya mtu aliyezoea. "Sahihi," akasema Kaltuma.

"Si sahihi," nikasema.

"Haye, ameanza," mtu akasema. "Amran, kaa chini, themosi tutakupa."

"Sitaki themosi, nimeziuza mimi. Barua niliiandika mimi."

Kicheko. Walidhani ninavutana bei. Kaltuma akashika kiuno. "Abaayo, kama ni wewe, siku ya imla ulikuwa wapi?"

Hilo ndilo swali. Sikulikuta kwenye kadi yoyote, na nililijua tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Ningeweza kuketi. Kiti kilikuwa pale. "Nilikuwa dawati la nyuma," nikasema. "Nikihesabu p zangu. Zilikuwa ishirini na saba. Nikamwacha aende." Kicheko kikapungua, lakini hakikufa. Nikaona nyuso za wanawake wasiojua waniamini au wanisamehe, na wavivu wa yote mawili. Kaltuma akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama kwa mtoto anayetaka kubebwa. "Amran, wewe Kiswahili chako ni safi. Unauzia watu wa bara miaka ishirini. Aliyeandika tutabanda hakuwa wewe. Pointi ni ya meza ya pili."

Sijui kilichonipanda. Miaka thelathini na moja yote ilinipanda. Nilipiga meza na sahani zikaruka. "Kaltuma! Wallahi nibe bointi yangu! Nibe sasa hifi!"

Nilisikia nilichosema baada ya wote kukisikia. Kisha kutoka meza ya pili kikaja kicheko ambacho redio haijawahi kukirusha, cha pua na cha tumbo, Hodan amejifunika uso kwa shungi, mabega yanaruka. Alipoweza kuongea alisema, "Mpe. Mpe, Kaltuma. Huo mdomo ndio ulioandika."

Themosi tulipewa mimi na mwenzangu wa meza. Yangu ni ile ambayo kifuniko chake hakikazi vizuri; nilijua hivyo nilipoiuza. Wakati wa chai Hodan alikuja akakaa kando yangu bila kuniomba nafasi, akajimiminia kutoka humo humo, na ikavuja juu ya mkono wake. Alizeeka vizuri. Hata hilo niliona. Nikamwuliza kwa nini aliandika tutabanda.

"Unataka sababu ya redioni," akasema, "au nyingine?"

"Nipe bei ya mwisho."

Akaipuliza chai yake muda mrefu. "Mwaka mzima mimi nilikuwa mdomo tu, Amran. Ngamia wako. Vitanda vyako. Mamba wako. Watu wananipa nyama, naila, najua si yangu. Nikajiambia sawa, ni yetu wawili. Halafu nikakaa kwenye ukumbi ule, nakodolea macho viti arobaini vitupu, kitu kizuri kuliko chochote nilichowahi kukisimulia, na hukuniambia hata neno. Ndara yako iliyokatwa kisigino niliiona chini ya kitanda siku ile ile." Akatazama kikombe. "Hukunigawia, nikachukua. Kwa hiyo usijisifu. Wiki mbili zile sikukufanyia wewe. Mama yangu hakusema nami siku kumi na nne. Nilikuonea wivu tu."

Kelele za vikombe zilikuwa nyingi, na mtu alikuwa ameanza kuimba. Nilikuwa nimesikia vizuri. Nilimshika mkono, ule wenye chai, nikamwambia arudie.

"Nilikuonea wivu," akasema Hodan, kila herufi mahali pake, na mara alizosema hivyo nikazihesabu: mbili.